Nzi wa Upande wa Makaburini

Wilka Bend, karibu na Renmark
5 Mei 1996

Baba Mdogo Aristidis,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Mama anakusalimu, magoti yameanza kumsumbua kwa baridi, lakini bado hataki mtu ashike jiko lake. Kadi yenu ya Pasaka ilifika. Mwambie binti yako Polyxeni kwamba sweta aliyomfumia Mama imemtosha. Mama analalamika kuwa inamkaba shingo, na anaivaa kila siku. Nakuandikia kwa sababu simu nimejaribu mara mbili, na ulichosikia ni kwamba nimepata mchumba. Sijapata. Nilisema tumepata nzi wa matunda.

Ule mtego mweupe wa ofisi ya kilimo, unaoning'inia kwenye mstari wa mwisho wa michungwa, unaukumbuka. Kopo lenye matundu ubavuni, ndani pamba iliyoloweshwa dawa yenye harufu inayovuta madume. Bi Lorraine, mkaguzi, amekuwa akilifungua kila wiki tangu Baba akiwa hai na hajawahi kukuta kitu zaidi ya sisimizi na buibui. Wiki ya mwisho ya Aprili alilifungua, akaniomba maji ya kunywa. Nilijua kabla hajanionyesha. Kahawia, mabaka ya njano mgongoni, mdogo kuliko nzi wa jikoni. Ukimtazama haraka unadhani ni nyigu. Wiki iliyofuata alikuta wengine, na sasa eneo lote limefungwa. Tunda haliondoki bila kukaa kwenye chumba cha baridi chini ya ulinzi wao, na wanunuzi waliokuwa wakichukua machungwa yetu kwa sababu tu hatuna nzi wameacha kupiga simu. Mavuno ni mwezi ujao.

Kila mtu anataka kujua nani ameleta tunda lenye funza. Kwenye ghala la kupakia jina limeshapatikana: Gurmukh Singh, yule aliyenunua shamba la ng'ambo ya barabara yetu. Mwezi Machi alifanya uchumba wa binti yake, na wageni walitoka Queensland, ambako nzi hawa ndiko kwao. Niliwaona wakishusha maboksi. Haddrick, mwenyekiti wa wakulima, ananitaka niandike nilichokiona na nisaini. Nia yao ni ghala likatae matunda ya Gurmukh. Huu ndio msimu wake wa pili. Akikataliwa, shamba analirudisha benki.

Nimeona maboksi. Sikuona yaliyomo. Unanishauri nini?

Jambo jingine dogo. Bi Lorraine anauliza kila nyumba ilipata wageni gani tangu Februari. Nilimtajia wewe na Polyxeni, kwamba mlikuja kwa kumbukumbu ya mwaka ya Baba. Aliuliza kama mlisimama kwenye pipa la barabarani la kutupia matunda kabla ya kuingia huku kwetu. Nilisema mlisimama.

Mlisimama, siyo?

Mwanao,
Stamatia

*

Adelaide
19 Mei 1996

Stamatia mwanangu,

Nimefurahi kupata mwandiko wako, ingawa unaandika kama karani wa mahakama. Afya yangu ni nzuri. Daktari ameniambia niache chumvi, nami nimeacha daktari. Polyxeni amebadilishwa zamu hospitali, anarudi akiwa amechoka, haongei, na mimi siwezi kumsikia hata akiongea, kwa hiyo tunaelewana vizuri.

Habari ya nzi imeniuma. Mimi na baba yako tulipanda hiyo michungwa mikono ikiwa imepasuka, wakati ardhi hiyo ilikuwa haina hata kivuli cha kufungia mbuzi. Lakini sielewi kwa nini unauliza ushauri kwa jambo lililo wazi. Watu wametoka Queensland. Wameshusha maboksi. Unafikiri walikuwa wamebeba viatu? Miaka yote hapo kwenu hakukuwa na nzi, akaja mgeni, nzi wakaja. Andika ulichokiona, saini, hujamsingizia mtu. Kuona siyo kusingizia.

Huyo Bi Lorraine wako anauliza mengi. Kwani familia inayozuru kaburi la marehemu wao imekuwa genge la magendo? Ungemjibu kwamba tulileta mishumaa na machozi, basi. Pipa tunalijua. Nimepita barabara hiyo tangu pipa hilo halijawekwa. Usinitaje tena bila kuniuliza.

Ngano iliyochemshwa kwa ibada ya marehemu mwaka huu ilikuwa tamu sana. Mwambie shemeji yangu Garifalia nimesema hivyo. Mwambie pia apumzishe magoti na asiende makaburini kila Jumamosi. Marehemu hakimbii.

Nikuulize: barua zangu unazisoma peke yako au mnasoma pamoja? Nauliza tu, kwa sababu Mama yako hupenda kujua kila kitu.

Mungu awalinde,
Baba yako mdogo, Aristidis

*

Wilka Bend
9 Juni 1996

Baba Mdogo,

Shikamoo tena. Mama mzima. Sifa ya ngano nimemfikishia, naye akasema, "Kasifu ngano, kamaliza?" Sikuelewa, nikamuuliza, akaenda kulisha kuku. Paka wa ghalani amezaa kwenye sanduku la mikasi ya kuvunia, kwa hiyo tunavuna kwa mikasi ya kuazima.

Nilisaini siku ya Jumatano. Niliandika kwamba nimeona gari la Queensland na maboksi, sikuongeza neno. Haddrick alisoma mara mbili, akasema, "Safi kabisa, Stamatia, hii inatosha." Iliniudhi kwamba ilimtosha.

Siku mbili baadaye Bi Lorraine alikuja na ramani yake. Baada ya nzi wa kwanza waliongeza mitego kila upande, iliyo karibu karibu. Alinieleza namna wanavyoisoma. Nzi huyu ni mvivu. Akipata maji, majani mazito ya kujificha na kitu cha kulamba, haendi mbali na pale alipotokea ardhini. Jike hutoboa tunda lililoiva na kuacha mayai ndani. Funza wakishiba hudondoka, huingia kwenye udongo, hujifunga ganda kama punje ya ngano, na huko ndiko nzi mpya anakotoka. Kwa hiyo huulizi nzi anapenda wapi. Unauliza alitokea wapi, na mitego iliyo karibu na hapo ndiyo inayojaa.

Upande wa Gurmukh mitego ni mitupu. Haijanasa hata mmoja. Inayonasa ni ile ya mwisho wa shamba letu, kule chini, na kadiri unavyosogea kwenye ukuta wa makaburi ndivyo wanavyozidi.

"Pale pana nini?" Bi Lorraine aliniuliza.

"Pana baba yangu," nikasema, "na mlimau mmoja wa kanisa."

Malimau yake wameyachuma yote na kuyapasua. Safi. Hapana funza.

Sasa niambie jambo bila hasira. Machi, siku moja kabla ya kumbukumbu, ulishuka garini na kikapu kimefunikwa kitambaa cha kanisa. Nilidhani ni mishumaa. Polyxeni alikiingiza jikoni kwa mlango wa nyuma. Kesho yake ngano ya Baba ilikuwa na punje za komamanga juu. Nilimuuliza Mama makomamanga ameyapata wapi, akasema dukani. Nilikuwa na wageni arobaini wa kulisha, sikufikiri zaidi. Wiki hii nimekwenda dukani kuuliza. Mwezi Machi hawakuwa na komamanga hata moja.

Kikapuni mlikuwa na nini? Na kama ni makomamanga ya ule mti wa uani kwenu, ulifahamu kwamba mtaa wa pili kutoka kwako maofisa walikuwa wakichuma matunda ya watu Februari kwa sababu ya nzi? Polyxeni aliniandikia mwenyewe habari hiyo.

Nasubiri jibu kabla ya mkutano wa wakulima. Umepangwa tarehe kumi Agosti.

Stamatia

*

Adelaide
14 Julai 1996

Stamatia,

Umesubiri mwezi na zaidi kwa sababu nilikuwa na mafua, na kwa sababu barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, nikaona siyo barua ya mtoto kwa mzee wake. Hata salamu umeibana kama unalipia kila neno.

Polyxeni hajambo. Amenunua gari, jekundu, halina heshima.

Mimi nina miaka sabini na nane. Nimemzika kaka yangu mmoja tu niliyekuwa naye. Nimekuja kumkumbuka mwaka ulipotimia, na miezi mitatu baadaye naulizwa kikapuni nilikuwa na nini. Je, mfukoni hukutaka kujua? Soksi?

Nitakwambia ninachofikiri mimi, maana na mimi nina ramani yangu. Nusu ya shamba hilo iko kwa jina langu. Tangu baba yako afe umeniomba mara mbili nikuuzie, na mara mbili nimekwambia bado. Sasa ghafla nzi wanatokea upande wa makaburi, na ghafla ni mimi niliyewaleta. Mzee akishaaibishwa mbele ya kijiji kizima atakuwa na uso gani wa kukataa kuuza? Ni hesabu nzuri. Hukuipata kwa baba yako. Yeye alikuwa hajui hila.

Umeshasaini kwamba maboksi uliyaona. Umeyaona au hukuyaona? Mtu hawezi kusaini Jumatano na kutubu Ijumaa. Mwache huyo Singh ajibu yake.

Na bado hujanijibu swali langu. Barua hizi nani anazisoma?

Aristidis

*

Wilka Bend
21 Julai 1996

Baba Mdogo Aristidis,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Mama amesikia habari ya gari jekundu na amekasirika kuliko alivyokasirika kuhusu nzi.

Shamba baki nalo. Nikitaka kununua nusu yako nitakuja Adelaide, nitakaa kwenye kiti chako kibovu na nitakuomba mara ya tatu, mchana, mbele ya mwanao. Hilo limeisha.

Jumanne Bi Lorraine alikuja na watu wawili, chekecheo na koleo. Waliomba ruhusa kwa padre wakachimba chini ya mlimau wa makaburini, hatua chache kutoka miguuni kwa Baba. Nilikuwapo. Walichekecha udongo polepole, na kwenye wavu yakabaki maganda madogo ya kahawia, matupu, kila moja limepasuka upande mmoja. Ndimo walimotokea. Bi Lorraine aliyaweka kwenye chupa. Kisha koleo likagonga mawe. Mawe matano ya mtoni, yamepangwa, na chini yake, shubiri moja kwenda chini, maganda ya komamanga. Yameoza lakini taji lake linaonekana, huwezi kuchanganya na tunda jingine.

Mama alikuwa amesimama getini. Wakati wa kuchimba aliwapigia kelele waache kuvuruga mahali pa marehemu. Sijawahi kumsikia akipiga kelele makaburini. Nilimrudisha nyumbani na hakula.

Bi Lorraine hakuniuliza chochote siku ile. Alisema tu, "Nitarudi kwako kabla ya mkutano." Anajua mimi ni mtoto wa nani, na amelala hapo nani.

Kwa hiyo sasa najua. Uliyaficha yakapita barabarani chini ya kitambaa cha kanisa, ukamwacha Mama ayatie kwenye ngano akijua au asijue, na yaliyoonekana mabaya ukayafukia. Halafu ukaniandikia nisaini dhidi ya jirani. Mimi nilisaini, hilo ni langu na sitalikwepa. Lakini wewe ulijua wakati unanishauri.

Gurmukh nilikutana naye kwenye lango la maji ya kumwagilia Alhamisi. Nilimuuliza waziwazi, yale maboksi yalikuwa na nini.

"Peremende," akasema. "Za uchumba. Mlipelekewa kopo moja, dada. Mama yako alirudisha kopo limeoshwa."

Ni kweli. Tulizila.

Tarehe kumi watapiga kura kuhusu mtu huyo kwa karatasi yangu. Nataka jibu lako kabla ya siku hiyo, kwa mkono wako, linaloweza kusomwa mbele ya watu. Usipoandika nitasema ninachokijua, na sitasema kwa upole.

Stamatia

*

Adelaide
29 Julai 1996

Stamatia,

Tuko salama.

Mimi Aristidis nilichuma makomamanga uani kwangu, nikayafunika na kupita nayo pipani bila kuyataja. Baada ya ibada niliona mengine yana funza. Niliyabeba mwenyewe nikayatupa nje ya ukuta wa makaburi, kwenye mfereji mkavu, bila kumwambia mtu. Garifalia hakujua chochote. Yeye nilimwambia nimeyanunua njiani. Gurmukh Singh hakuhusika.

Isome mbele ya unaotaka kuwasomea.

Aristidis

*

Wilka Bend
18 Agosti 1996

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa kwenye kiti, ni ndefu.

Yako ilifika Ijumaa tarehe mbili tukiwa mezani. Umeniuliza mara mbili nani anasoma barua zako, nami sikujibu kwa sababu nilidhani unakwepa swali langu. Jibu ni hili: nasoma mimi, kwa sauti, na Mama anasikiliza kila neno, tangu ile ya Mei. Sasa naelewa kwa nini hukuweza kuandika.

Nilisoma mpaka mwisho. Nikaikunja. Nilikuwa na hasira nawe, na bado kuna kitu kilinikwama. Umeandika mfereji, umeandika nje ya ukuta. Maganda tumeyakuta ndani ya ukuta, chini ya mlimau, yamefukiwa na kupangiwa mawe. Mtu aliyetupa kitu anakumbuka alikotupa.

Mama akaweka kijiko chini.

"Mwongo," akasema.

"Nani, Mama?"

"Huyo. Mwongo mkubwa. Aristidis hajawahi kutupa kitu maishani mwake, hata kamba za viatu anatunza. Alikuwa garini anajipepea kwa kofia na kunifokea dirishani. 'Tia kwenye pipa, Garifalia, tia kwenye pipa.' Nilifukia mimi."

Nilimuuliza kama aliwaona funza.

"Nina macho. Nilipasua moja pale kaburini nimwekee baba yako, wakatoka. Weupe. Wanajikunja na kuruka kama bisi kwenye sufuria."

"Na hukuyatupa."

"Padre alikuwa ameshayabariki mezani pamoja na ngano! Jina la baba yako limeshasomwa juu yake. Niende niyatupe na maganda ya ndizi ya watalii? Kilichobarikiwa kinarudi ardhini. Mama yangu alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo. Nilifukia vizuri, nikaweka na mawe, mbwa wasichimbue. Nikajua ardhi itawaua."

Nikamwambia ardhini ndiko wanakotaka kwenda. Ukiwatupa juani wanakufa. Ukiwafukia kwenye udongo laini unaomwagiliwa maua kila Jumamosi, umewatandikia kitanda.

Kisha akasema, "Nani alikuwa ananifundisha hayo? Mlikuwa mnasema pipa, pipa. Hakuna aliyesema kwa nini."

"Na ile habari ya dukani?"

"Uliuliza kwa sauti ya polisi, nikakujibu kama anavyojibiwa polisi."

Akanieleza yaliyobaki: kwamba ni yeye aliyekuagiza yale matunda, kwa sababu mti wa uani kwako Baba aliupanda kwa mkono wake, na kwamba pale makaburini alikuapisha kwa jina la kaka yako usiseme. Nilikushuku bure kwa nusu ya jambo. Nusu nyingine bado ni yako: kwa kitambaa cha kanisa ulifunika wewe, na ushauri wa kusaini ulitoka kwako. Ulitaka kumlinda Mama kwa mgongo wa Gurmukh. Ulipoona mgongo wake hautoshi ukatoa wako. Ningependa ungeanza na wako.

Bi Lorraine alikuja Jumatano iliyofuata, kabla ya mkutano. Mama alimkalisha, akamwekea kahawa na kumwambia mwenyewe. Bi Lorraine aliandika, akanywa kahawa, akasema ofisi itaandika barua na kutakuwa na adhabu. Halafu akauliza kama anaweza kutia dawa chini ya mlimau bila kukanyaga maua. Mama akasema atamwonyesha pa kukanyaga.

Mkutano ulijaa. Haddrick alisoma karatasi yangu kwanza, kabla sijafika mbele. Gurmukh alikuwa kiti cha nyuma amevaa koti la harusi, mikono juu ya magoti. Nikasimama nikasema naiondoa ile karatasi, kwa sababu niliyoandika ni kweli na niliyotaka yaeleweke si kweli. Mama naye akasimama. Alisema kwa Kigiriki, nami nilitafsiri bila kupunguza: komamanga, funza, baraka, mawe. Kuna waliocheka kwenye mawe. Mtu mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Miaka thelathini na nane hapa, mama, na Kiingereza cha neno 'pipa' hukukipata?"

Mama akamgeukia, akajibu kwa Kiingereza chake.

"Nalijua. Nilikataa."

Hawakucheka tena. Haddrick alisema hoja ya kumkataa Gurmukh imekufa, hakuna haja ya kura. Nilidhani imeishia hapo. Lakini mzee mmoja wa mtoni akasema sheria ya ghala haitaji jina la Singh, inasema aliyeleta nzi matunda yake hayapokelewi msimu mzima. Kama ilikuwa sheria saa mbili, ni sheria pia saa tatu. Haddrick akanitazama. Nikasema ni kweli, ndivyo ilivyoandikwa, na Baba alikuwa miongoni mwa walioiandika.

Wakaomba mikono. Kwa muda hakuna aliyenyoosha. Watu hawa walibeba jeneza la Baba. Kisha mkono mmoja ukapanda kule nyuma, taratibu, mpaka juu, ukakaa hapo. Gurmukh. Baada yake wakanyoosha wengine, wengi.

Kwa hiyo machungwa yetu ya mwaka huu yatasagwa kuwa maji ya matunda kwa yule atakayeyataka, na mengi yamebaki mtini. Utapata sehemu yako ya hasara, kwa kuwa jina lako liko kwenye hati, kama ulivyonikumbusha.

Jumatatu ilikuwa zamu yetu ya maji. Nilimkuta Gurmukh langoni anaondoa majani yaliyoziba. Hakuwa na haraka, na hakunikwepa.

"Ulinyoosha wa kwanza," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Tulikuwa tumeshakutoa kwenye hatari."

"Dada, mlinitoa mlikonitia." Alitupa majani pembeni. "Tangu karatasi yako nilikaa wiki tisa watu wakinitazama mikono kila nikiingia ghalani. Nilitaka niwaone wakinyoosha yao dhidi ya mwingine. Mama yako nampelekea peremende Jumapili. Hilo ni jambo jingine."

Nilifungua lango, maji yakaingia kwenye mistari yetu, nikarudi nyumbani. Leo, Jumapili, alikuja kweli. Mama alimpokea, na hakuna aliyetaja kura.

Mama anasema ukitaka kuja Septemba kitanda kipo. Anasema pia hajakusamehe kumsingizia kwamba hakujua kitu nyumbani kwake mwenyewe. Nami nina yangu, tutayaongea tukiwa tumekaa. Simama pipani, fungua milango yote, waonyeshe hata mifuko. Soksi pia.

Njoo mikono mitupu.

Stamatia